Vioo Viwili na Mtoto Mmoja

Benchi la pale kona ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na kitasa chake bado kipo, kwa hiyo anayekaa upande wa kulia hukaa kwa kujibana ili kisimchome. Mlango huo aliuleta mchonga funguo mwenye kibanda kilicho nyuma yake, ndipo watu wakamwita Mzee Kitasa, jina ambalo hakulichagua wala hakulikataa. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja na funguo zao zilizokatika, wanaume watatu huja kukaa hapo na vikombe vya kahawa. Wa kwanza ni Honi, dereva wa teksi, ambaye hana habari ya kunong'ona. Wa pili ni Bima, wakala wa bima, mwenye tai shingoni hata siku ya mapumziko. Wa tatu ni Redio, kinyozi wa mlango wa pili, na huyo jina lake linajieleza. Kwa miaka yote waliyokaa pale wamejadili serikali, mpira, wake zao na mwisho wa dunia, na hakuna jambo hata moja lililoondoka benchini limenyooka kuliko lilivyokuja. Hilo haliwasumbui. Kesho yake wananawa uso, wanarudi.

Siku hiyo Mzee Kitasa hakuwa na hamu ya mwisho wa dunia. Bintiye wa pekee alikuwa amejifungua siku chache nyuma, katika mji mwingine, nyumbani kwa wakwe zake, na mumewe yuko safarini kikazi. Asubuhi mzee alipokuwa anafungua kibanda iliingia picha ya mtoto kwenye simu yake, na chini ya picha maneno. Aliyasoma mara ya kwanza amesimama. Mara ya pili alitafuta kigoda.

“Shikamoo baba. Huyu ndiye mjukuu wako. Mimi namwona ana rangi ya njano, hasa machoni. Mama mkwe anasema ni mwanga wa dirisha tu, watoto wachanga wote huwa hivyo, nisikimbilie hospitali kama mtu asiyejua kulea. Baba, mimi ulinilea mwenyewe. Mtazame vizuri uniambie. Ukisema nimpeleke, hapa neno lako wataliheshimu.”

Kweli alimlea mwenyewe. Mama yake alifariki binti akiwa bado anajifunza kufunga vifungo, na vidole hivi vya kuchonga funguo ndivyo vilivyomsuka nywele mpaka akajua kujisuka. Sasa anaulizwa neno moja, mpeleke au usimpeleke, na simu yake mwenyewe haimsaidii. Kioo chake kilishaanguka mara nyingi, kina mstari mweusi katikati, na rangi zote zimefifia zikawa majivu. Humo ndani mjukuu wake hakuwa wa njano wala wa rangi yoyote. Alionekana mtoto wa moshi.

Mzee aliogopa, na hakujifichia kwamba anaogopa. Akisema apelekwe na ikawa si kitu, bintiye atakuwa kichekesho cha ukoo wa watu. Akisema asipelekwe na ikawa ni kitu, hapo alikataa kuendelea kufikiri. Akatoka nje na simu mkononi, akafanya kosa la kuwaonyesha wale watatu.

— Rusha kwangu, alisema Honi. Hicho kioo chako hakifai hata kutazamia saa.

— Rusha kwangu pia, alisema Bima. Jambo la afya linataka kioo cha uhakika.

Ikumbukwe kwamba Honi alikuwa na simu mpya, na Bima naye alikuwa na simu mpya, na kila mmoja aliinunua baada ya kuiona ya mwenzake. Tangu hapo benchi halikupumua. Kila siku ni kioo changu, kioo chako. Mzee Kitasa alijua hilo, lakini mtu mwenye hofu hachagui sana mlango wa kubisha. Akarusha picha kwa wote wawili.

Honi alifungua wa kwanza. Mtoto alitokea mwekundu, anang'aa, mashavu kama ya kwenye tangazo la sabuni.

— Mzima huyu, alisema Honi. Tena mzima wa kupindukia. Mzee, hongera, mjukuu wako hana hata chunusi.

Bima alifungua wa pili. Akalegeza tai.

— Mzee, huyu mtoto ni kiini cha yai.

Mzee Kitasa alisimama katikati yao, akatazama huku, akatazama huku. Mtoto alikuwa yuleyule, shuka lilelile, ngumi ndogo ileile imebana shavuni. Kushoto ni mzima. Kulia ni mgonjwa.

— Sasa nimwambieje mama yake? aliuliza.

Lilikuwa swali jepesi kueleweka, na kama pangekuwa na watu wa kawaida pale, wangelishughulikia. Lakini hao walishasahau kama kuna mama. Walikuwa wamegeuziana simu kama majogoo.

— Simu yako inapaka watu poda, Bima alimwambia Honi. Juzi ulinionyesha picha ya mkeo, mimi nikadhani umeoa mwingine.

— Mke wangu mwache. Kioo changu kinaonyesha vitu vilivyo. Wewe ndiye umezoea kuona watu wameparara.

— Kioo changu kina rangi bilioni moja. Imeandikwa kwenye boksi.

— Bilioni moja, na zote ni njano.

Redio alicheka mpaka kahawa ikamwagika gotini. Alikuwa hajasema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kushikilia pumzi, na sasa aliachia.

— Nyie wote hamjui, alisema. Simu za siku hizi haziishii juu ya ngozi. Zinapenya. Ya Bima imepenya imefika kwenye damu, ya Honi imeishia kwenye mafuta aliyopakwa mtoto. Kwa hiyo wote mko sahihi.

— Inapenya vipi wakati ni picha? aliuliza Mzee Kitasa.

— Mzee, na wewe. Picha imepigwa na nini? Na simu. Basi imeshapenya hukohuko. Ikifika hapa inaendelea kupenya.

— Kupitia wapi?

— Hewani, mzee. Kila kitu siku hizi kinapita hewani.

Bima aliitikia kwa kichwa, kwa sababu hoja ilikuwa upande wake, na Bima huwa hachunguzi hoja iliyo upande wake. Honi alitema mate pembeni. Akasema yeye amepakia madaktari kwenye teksi yake, tena wale wakubwa wakubwa, na hajasikia hata mmoja akisema anampima mtu damu kwa simu ya wakala wa bima.

— Basi tupime, alisema Bima. Tuvipime vioo vyenyewe. Tuchukue kitu ambacho rangi yake inajulikana na kila mtu, tukipige picha kwa simu zote mbili. Kioo kitakachokosea, kimekosea na kwa mtoto.

Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu benchi lilikuwa limetoa wazo linaloingia akilini. Mzee Kitasa alipata matumaini kidogo. Alikuwa amewafahamu watu hawa miaka mingi, lakini hofu humfanya mtu asahau anachokijua.

Redio alikimbilia kwenye saluni yake, akarudi na kile kitambaa anachowafunga wateja shingoni wakati wa kunyoa.

— Cheupe hiki, alisema, akakitandaza juu ya benchi.

Walikitazama.

— Hiki kilikuwa cheupe lini? aliuliza Honi.

— Tangu nikinunue.

— Tangu ukinunue umekifua?

— Kitambaa cheupe ukikifua sana kinapoteza weupe.

Wakaanza kubishana kama kitambaa kile ni cheupe, na ubishi huo peke yake ulimaliza kikombe kizima cha kahawa. Honi alisema ni cha kijivu. Bima alisema ni cheupe cha zamani. Redio aliona anadhalilishwa kazini kwake, akatoa dai kwamba weupe wa kweli ndio huu, na kwamba weupe tunaouona kwenye mashati ya watu ni wa madukani, umetiwa dawa. Picha zilipopigwa, kwenye simu ya Honi kitambaa kilitoka cheupe kama karatasi, na kwenye simu ya Bima kikatoka kama kimelowekwa chai. Lakini kwa kuwa hakuna aliyekubaliana na mwenzake kitambaa chenyewe kina rangi gani, jibu hilo halikumshtaki mtu.

Simu ya Mzee Kitasa ilitikisika mfukoni. “Baba, umemwona?”

Aliandika kwa taabu, kidole kinakwepa ule ufa: “Namtazama, mwanangu.” Akaona aibu kidogo, kwa sababu aliyekuwa anamtazama wakati ule ni Redio, akikunja kitambaa chake kwa hasira.

— Jamani, mtoto, alisema mzee.

— Tunamfikia, mzee, alisema Bima. Ndiye tunayemfanyia kazi hapa. Tupige nyuso zetu. Uso wa mtu haubishaniwi.

Alijikaza, akanyoosha tai, akaweka kidevu juu kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Honi akampiga kwa simu yake, akamwonyesha. Bima alijitazama kwa muda. Ndani ya kile kioo alikuwa na ngozi nyororo, yale mabaka ya chini ya macho hayapo, hata upara umepata hadhi.

— Hapa, alisema taratibu, hapa kidogo simu yako imejitahidi.

— Si ulisema inapaka poda?

— Kwa watoto. Kwa watu wazima inajitahidi.

Sasa zamu ikawa ya Honi. Bima alimpiga picha kwa simu yake, wote wakainama kutazama, na wote wakainuka taratibu. Honi aliipokonya ile simu. Uso aliouona ulikuwa wa njano kuanzia kwenye paji mpaka kwenye kidevu, na macho yake yalikuwa ya njano kuliko uso.

— Ndugu yangu, alisema Redio kwa sauti ya msibani, unalala vizuri?

— Nalala.

— Chakula kinapita?

— Kinapita. Kwani vipi?

— Mimi nilikuwa na mteja alijiona hivyohivyo kwenye simu. Akapuuza. Wiki iliyofuata nilimnyoa akiwa amelala kitandani.

Honi, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa hawezi kusikia lolote la kile kioo, aliinuka, akaenda kwenye kioo cha pembeni cha teksi yake, akavuta kope la chini, akajitazama. Akavuta na la pili. Akatoa ulimi. Akarudi na kusema atapita kwa daktari baada ya kumpeleka abiria wake wa mchana, si kwamba ana wasiwasi, ila ni vizuri mtu kujijua.

Mzee Kitasa alilishika hilo, likamuuma. Huyu kwa picha yake mwenyewe ameshapanga kwenda kwa daktari. Kwa mtoto wa watu bado anapima vioo. Alitaka kulisema wazi, lakini Redio alikuwa ameshafungua mdomo.

— Nimeelewa sasa, alisema Redio. Tatizo si kioo. Simu inachukua rangi ya mahali inapokaa. Bima anaiweka mfuko wa shati, karibu na ini. Ini lina nyongo, na nyongo ni njano. Simu inafyonza.

— Na ya Honi?

— Ya Honi inakaa mfuko wa suruali.

— Kwa hiyo inafyonza nini?

Redio alifikiri.

— Inafyonza nguvu, alisema. Ndiyo maana watu wanatoka wamenenepa.

Mtu mwenye akili angeondoka hapo. Mzee Kitasa hakuondoka, na asiulizwe kwa nini. Mtu anayetafuta jibu hukaa hata mahali ambapo anaona kabisa kwamba jibu halipo, kwa sababu kuondoka ni kubaki na swali peke yake.

— Tunachohitaji ni refa, alisema Bima. Simu ya tatu, isiyo na upande. Tuziweke hizi mbili sawasawa, zote zimefungua picha ya mtoto, kisha simu ya tatu izipige picha kwa pamoja. Hapo tutaona kioo kipi kinasema kweli.

Walikubaliana wote, tena kwa haraka, jambo ambalo lingetosha kumtia mtu mashaka. Simu ya tatu ilikuwa ya Redio. Ilikuwa imefungwa mpira wa kufungia noti ili betri isidondoke, na kioo chake kilikuwa na nywele za wateja zilizoingia chini, hakuna aliyejua kupitia wapi. Simu mbili za kifahari zikalazwa ubavu kwa ubavu juu ya mlango. Redio akapanda juu ya tofali, akaziba jua kwa mkono, akapiga. Wakakusanyika kutazama.

Kwenye simu ya Redio, vioo vyote viwili vilikuwa vya buluu.

— Mnaona? alisema Honi. Changu ni buluu safi. Chake ni buluu chafu.

— Chako kimezidisha buluu, alisema Bima. Kinajulikana kwa kuzidisha.

— Refa amesema, alisema Redio, ambaye alikuwa hajawahi kuheshimiwa kiasi hicho. Mimi naona ya Bima imeshinda kwa utulivu wa rangi.

Mzee Kitasa aliinama juu ya kile kioo chenye nywele.

— Sasa hapo, alisema, mtoto ni yupi?

Honi alikuwa ameichukua simu ya Bima ili amwonyeshe uchafu wa buluu yenyewe, na katika kunyooshea kidole akavuta kitu kutoka juu ya kioo. Zikashuka zile alama ndogondogo za kuwasha na kuzima. Moja ilikuwa na picha ya jicho, na ilikuwa inawaka.

— Hii ni nini?

— Imetoka nayo dukani, alisema Bima.

— Imeandikwa kinga ya macho. Umeiwasha wewe?

— Mimi sijagusa kitu. Simu nzuri haiguswiguswi.

Honi aliigusa. Kioo kizima kikabadilika mara moja, kama mtu amefungua dirisha la chumba kilichokuwa na kibatari. Akafungua zile picha za mwanzo: rangi ya chai ilikuwa imeondoka kwenye kile kitambaa. Honi mwenyewe akapona pale pale. Bima aliitazama simu yake, akakumbuka mapazia. Mkewe alimwambia achague mapazia kwenye simu, akachagua ya rangi ya samli, yalipofika yakawa meupe, akamgombeza muuzaji, kisha akamgombeza mkewe kwa kumtetea muuzaji. Tangu ainunue simu hiyo alikuwa ameiona dunia nzima kupitia chai, na kumhakikishia kila aliyekutana naye kwamba ndiyo rangi halisi.

— Rangi bilioni moja, alisema Honi, akamrudishia.

Honi alicheka mpaka akakaa vibaya, kitasa kikamchoma, akaendelea kucheka. Redio alibadilisha upande bila hata kusogea alipokaa. Alisema yeye tangu mwanzo alishangaa ile nyongo.

— Mtoto, alisema Mzee Kitasa. Hebu mfungueni mtoto.

Wakamfungua kwenye simu ya Bima. Kiini cha yai hakikuwepo tena. Alikuwa mtoto tu, amelala, ngumi shavuni. Kandokando ya macho palikuwa na kitu, au hapakuwa na kitu. Mzee alisogeza uso ili aone vizuri, lakini Honi alishaivuta simu kumwonyesha Redio kwamba hata hivyo bado kioo chake kinaishinda hii.

— Yamekwisha, mzee, alisema Honi. Ilikuwa ni simu ya huyu bwana. Mwandikie bintiyo alale salama.

— Mwambie ni kinga ya macho, alisema Redio. Mwambie akaangalie na yeye kwenye simu yake, huenda imewaka.

Hata Bima, kwa unyonge, alisema ndiyo, kitaalamu ni hivyo.

Hapo Mzee Kitasa aliona mabega yake yanashuka. Hakujua kwamba yalikuwa juu tangu asubuhi. Alitaka mno iwe hivyo. Alitaka liwe kosa la simu, la mapazia, la mtu yeyote mwenye tai, mjukuu wake awe mzima na bintiye asichekwe. Akatoa simu yake yenye ufa, akaanza kuandika: “Mwanangu, nimemtazama. Usiwe na wasiwasi. Ni mwanga wa simu tu, mtoto hana”

— Hamjambo hapa. Shikamoo mzee.

Alikuwa mama mmoja mwenye kikapu begani na ufunguo mkononi, mteja, si mtu wa pale. Mzee aliitikia marahaba bila kuinua kichwa, akamwomba amalizie neno moja kwanza, lina haraka.

— Hakuna neno, alisema yule mama. Nataka wa pili kama huu. 

Akaona simu zimetandazwa juu ya benchi, picha ya mtoto kwenye kila moja. Akainama. 

— Huyu ni wa nani, mbona mzuri hivi?

Wakamweleza. Wakamweleza wote watatu kwa pamoja, kwa sababu hawakuwa wamepata msikilizaji mpya tangu asubuhi. Mjukuu wa mzee, mama yake anamwona wa njano, mama mkwe anabisha, basi hapa tukapima, simu hii ikasema hivi, ile ikasema vile, kumbe ilikuwa na kinga ya macho, tukaizima, njano ikaondoka, tatizo kwisha. Honi alimwonyesha kabla na baada, akiwasha na kuzima lile jicho. Mtoto akawa wa njano, akaacha, akawa wa njano, akaacha.

Yule mama alifuatilia kwa makini, kwa adabu, kama mtu anayeelekezwa njia na watu wengi.

— Sawa, alisema. Na mama yake anamtazama kwa simu gani?

Honi alifungua mdomo. Kidole chake kilikuwa bado juu ya jicho, akakiondoa. Bima alishika tai. Redio, ambaye alikuwa na jibu la nyongo, la hewa na la damu, alitazama ndani ya kikombe chake, akakuta hakuna kitu, akaendelea kutazama.

Mama wa mtoto alikuwa naye mikononi. Alikuwa amemshika tangu azaliwe, mchana na kwenye taa, dirishani na mbali na dirisha, na aliandika kwa maneno mepesi kwamba namwona ana rangi ya njano, hasa machoni. Waliohitaji picha ni wale wa benchini. Yeye hakuihitaji.

Mzee Kitasa hakufuta alichokuwa ameandika. Alikiacha palepale kilipokatika, akapiga. Simu haikumaliza mlio wa kwanza, bintiye akaipokea.

— Mwanangu, mpeleke. Mchukue sasa hivi mwende hospitali. Mwambie mama mkwe wako nimesema mimi, na ikiwa si kitu, mimi ndiye nitakayechekwa.

Sauti ya bintiye ilisikika mpaka benchini, kwa kuwa ile simu ya zamani ilikuwa haina siri.

— Nipo mlangoni, baba. Nimeshamfunika. Nimekaa hapa na mkoba begani tangu nikutumie ile picha, nangoja useme tu.

— Nenda, mama.

— Tangu asubuhi amekataa kunyonya, baba.

— Nenda.

Akakata yeye, ili bintiye asisimame kuaga. Redio alikohoa.

— Mimi nilisema tangu mwanzo apelekwe, alisema.

Hata Honi alimgeukia.

Mzee Kitasa aliupokea ufunguo wa yule mama, akauingiza kwenye mashine, akainama kuutazama, akautoa tena. Meno ya ufunguo hakuyaona.

— Ningoje kidogo, mama, alisema. Macho yangu hayako sawa.